Kesi mbili za ghuba moja: bandari na makaa ya mawe pale Lamu

Mjomba wangu ukimuuliza kazi ya bandari ilianza lini hakupi mwaka, anakwambia "ule msimu bahari ilipokuwa kama maji ya kuoshea mchele". Ndo hivo anavyoikumbuka. Meli ya kuzoa mchanga ilikuwa ikifanya kazi Ghuba ya Manda, maji yakipwa yanatoka yamepauka, yakijaa yanarudi na ule weupe mchafu, na yeye dema zake, mitego yake ya fito, zilikuwa upande wa ndani penye nyasi bahari, mahali pa samaki tafi. Siku moja akainua dema akaniita nitizame. Tafi hamna. Ndani kumekaa utando wa tope laini, ule ukiusugua na vidole husikii mchanga, unateleza kama sabuni, na kila ufito wa dema umevaa huo utando. Akaniambia, "Haya wewe uliyesoma, hili ni tope la wapi, manake huku kwetu hatuna tope la namna hii." Sikuwa na jibu siku ile.

Jibu ni refu na ndo kisa chenyewe. Watu wakitaja Lamu na mazingira wanatia mambo mawili kwenye kapu moja, bandari ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa serikali wa bandari na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, na ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, ati watu wa Lamu walishtaki wakashinda. Ni kweli, zote mbili zilishinda. Lakini moja ilishinda bahari ikiwa ishachimbwa, na nyengine ilishinda hata msingi haujachimbwa, na ukikaa ukaangalia kwa nini ikawa hivo utaona haikuwa majaji wa huku wazuri na wa kule wabaya, wala watu hawakupigana zaidi kwenye moja kuliko nyengine, wengi walikuwa ni wale wale. Ulikuwa mlango waliopitia, na siku waliyougonga. Hili sijaona likizungumzwa vizuri ndo maana nakaa kuandika.

Kwanza mahali, kwa ambao hamjafika. Lamu iko kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, ukiipita kaunti ushaingia Somalia. Visiwa ni Lamu yenyewe, Manda, Pate, Ndau, Kiwayuu na vyengine vidogo vidogo, na katikati ni mikondo na vijito vilivyoshonana na mikoko. Kenya nzima ina kama hekta 61,000 za mikoko kwa mpango wa serikali wa 2017 mpaka 2027, na hekta 37,350 kati ya hizo ziko Lamu. Asilimia 61, kwenye kaunti moja ambayo sensa ya 2019 iliikuta na watu 143,920 tu. Juu zaidi kuna hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa 1979, kasa wanataga huko, ndege wa baharini wanazalia kwenye vile visiwa vidogo vya mawe, na nguva, ambao Kenya hii wamebaki wa kuhesabu, maji ya huku juu ni katika makao yao ya mwisho. Wataalamu wanasema sababu moja ya neema yote hii ni kwamba wakati wa upepo wa kaskazi mkondo wa bahari unaopanda kutoka kusini unakutana huku na ule wa Somalia unaoshuka, basi maji ya chini yenye rutuba yanaletwa juu.

Lakini mvuvi wa mtumbwi hababaiki na mikondo mikubwa. Yeye anababaika na kusi. Kuanzia mwezi wa nne mpaka kama wa tisa upepo wa kusi ukishapamba nje ya mwamba hapaendeki kwa chombo kidogo, mawimbi yanakuja marefu, na asiye na boti kubwa ya mashini akienda huko anajitafutia msiba. Kwa hivo nusu ya mwaka, au karibu na nusu, riziki iko ndani, nyuma ya visiwa, kwenye ghuba na mikondo ambapo Manda na Pate zinakukinga. Kaskazi ikirudi na bahari ikilala, hapo ndo watu wanatoka nje kutafuta nguru na kolekole. Sasa shika hilo neno, maji ya ndani ndo ghala ya kusi, manake ukilisahau utaona kesi ya wavuvi ni ya watu wanaogombania pahala pamoja padogo ilhali bahari yote ile iko wazi. Nimesikia mtu mzima na digirii yake akisema hivo kwenye mitingi, "si waende kuvua mbele". Mbele wapi, bwana, mwezi wa sita?

Na ndani kwenyewe kunavyofanya kazi ni hivi. Nenda maji yakiwa yamekupwa utaona mchu umetoa vile vijiti vya pumzi juu ya tope, elfu na elfu, vimesimama kama penseli, na mkoko umejiegemeza kwa mizizi yake iliyopinda kama mtu aliyeshika kiuno. Kati ya hiyo mizizi ndo vitoto vya samaki na kamba na kaa vinajificha, manake samaki mkubwa hapenyi. Vikikua kidogo vinatoka kwenye nyasi bahari, na vikikua zaidi vinaenda kwenye matumbawe. Ni nyumba tatu za familia moja. Ukiziba mlango wa nyumba ya kati, ile ya nyasi, huwezi kusema mikoko si bado ipo na mwamba si bado upo. Na nyasi bahari zinataka mwanga kama mmea wowote, maji yakikaa na tope kwa muda zinakufa polepole hakuna anayeona, haina moshi haina kelele. Tafi anakula humo, nguva anakula humo, kasa mkubwa wa kijani anakula humo.

Nisije nikaandika kama vile sisi ni malaika na mikoko haikuguswa mpaka wageni walipokuja. Mikoko Lamu imekatwa kwa karne. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene una jina lake na bei yake, zinahesabiwa kwa korja, ishirini ishirini, na majahazi yalikuwa yakizibeba mpaka Uarabuni. Ukiingia nyumba ya zamani ya Lamu, au ya zamani kule Ghuba ya Uarabuni, utashangaa vyumba ni virefu lakini vyembamba, kama mita mbili na nusu au tatu hivi. Sababu ni boriti, haifiki mbali zaidi ya hapo bila kupinda, basi nyumba ikapimwa na mti. Serikali ilikataza kupeleka nje 1982, na Februari 2018 marufuku ya kukata miti nchini ikaikamata mpaka mikoko, wakataji wakalia, na kwa haki, manake wao walikuwa na leseni na vitalu vyao, wakachanganywa na watu wa misumeno ya bara. Baadaye ikafunguliwa Lamu. Nataja haya kwa sababu mtu anayeishi kwa kukata korja mbili tatu na kurudi kitalu kile kile miaka ikipita ana sababu ya kukitunza. Hakika si wote wanatunza, kuna vitalu vimenyolewa kama kichwa cha mtoto wa arubaini. Lakini ni uharibifu unaoota tena. Mlango wa bandari wenye kina cha mita 17 na nusu hauoti tena.

Haya, bandari. Tarehe 2 Machi 2012 walikuja Lamu rais Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi wakafungua kazi ya LAPSSET. Bandari, reli, barabara, bomba la mafuta, na bandari yenyewe kwa mpango wa mwanzo gati 32, upande wa bara pale Kililana, uso kwa uso na Manda. Mwaka huo huo wakazi wakaenda mahakamani, kesi inajulikana kwa jina la Mohamed Ali Baadi na wenzake, wakaishtaki serikali na mashirika yake kwa katiba, ile mpya ya 2010. Hoja zao hazikuwa ngumu, hatukuulizwa, hatukupewa habari, mazingira yetu na utamaduni wetu na riziki yetu viko hatarini. Kesi ikaingia mahakamani 2012, hukumu ikatoka mwisho wa Aprili 2018. Miaka sita. Na kesi ya katiba haisimamishi kazi yenyewe kwa yenyewe, lazima upate amri ya kusimamisha, na bila amri hiyo mashini zinaendelea. Mkataba wa gati tatu za kwanza ulitiwa saini 2014 na kampuni ya ujenzi ya Kichina, karibu dola milioni 480. Kwa hivo wakati mawakili wanabishana Malindi, bahari inachimbwa Manda.

Kuchimba kwenyewe watu wa bara wanadhani ni kama kuchimba msingi. Siyo. Meli inanyonya au inakwangua chini, mchanga, tope na vipande vya matumbawe vinapanda pamoja, vizito vinaenda kujaza mahali pa gati au vinamwagwa mbali, lakini lile vumbi la majini, lile jepesi, halizami leo wala kesho. Linabebwa na maji kujaa na kupwa. Ghuba ya Manda imefungwa fungwa na visiwa, maji yake hayasafishwi haraka kama ya bahari wazi, basi lile tope linazunguka linatafuta pa kukaa na linakaa juu ya nyasi, juu ya matumbawe, ndani ya dema ya mjomba. Hilo ndo jibu lake. Tope la wapi, ni la hapo hapo chini, ambalo lilikuwa limelala siku zote.

Hukumu ilipotoka ilikuwa nzuri kuisoma, sitasema uongo. Mahakama Kuu Malindi ilikubali kwamba watu hawakushirikishwa inavyotakiwa, kwamba haki yao ya kupata habari ilivunjwa, kwamba mradi mkubwa hivi ulianza bila ule upimaji mpana wa athari unaotakiwa kutangulia mipango, kwamba utamaduni wa watu wa Lamu na mji wao wa kale, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia 2001, haukufikiriwa. Na kubwa zaidi kwangu, ikatambua uvuvi wa asili wa watu hawa kuwa ni haki ya mali, yaani maji anayovua mtu na babu zake ni kama shamba, ukiyachukua unalipa. Kabla ya hapo mvuvi alikuwa mtu anayepita pita baharini tu, mwenye mkorosho alikuwa akilipwa kwa mti, mwenye mkondo hapati kitu. Fidia ikaandikwa shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600. Watu walishangilia. Gawanya utapata kama laki tatu na elfu themanini na kitu kwa kila mmoja, nikamwambia mjomba, akanyamaza kidogo akasema, "Hiyo ni ya mara moja, sivyo?"

Baadaye kukawa na rufaa, kukawa na mazungumzo nje ya mahakama, wakaelewana asilimia 65 iwe pesa taslimu na 35 iwe vifaa vya uvuvi wa kisasa. Sawa. Mimi sina ugomvi na boti wala mashini. Lakini tizama maana yake, unalipwa maji ya ndani uliyoyapoteza kwa kupewa chombo cha kwenda nje. Mtu aliyejua kila jiwe la ghuba kwa jina, anajua tafi anapita wapi mwezi ukiwa mchanga, elimu yake hiyo yote inakuwa haina soko, anaanza upya na petroli, spea na fundi. Kijana wa miaka 25 huenda akafurahi. Mzee wa 60 anakuwa abiria kwenye boti ya mwanawe. Na mama anayekwenda na miguu maji yakikupwa kutafuta pweza kwenye miamba, yeye kwenye hesabu ya fidia ya wavuvi yuko wapi? Mkataji wa mikoko je? Na nguva? Nguva hakuwa na wakili. Natania, lakini si sana, manake hukumu ilipima hasara ya watu kwa shilingi na hiyo hesabu ikafungwa, ya zile nyasi haikufunguliwa na mtu. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021 na rais Uhuru Kenyatta. Iko pale, mita 400, ukipita kwa boti kwenda Pate unaiona na mikono yake ya winchi.

Sasa upande wa pili. Ghuba hiyo hiyo, kaskazini kidogo, pahala panaitwa Kwasasi, kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, wa kwanza Kenya, gharama kama dola bilioni 2, na bomba la moshi la mita 210. Tafakari, mita 210 kwenye mji ambao ghorofa tatu ni jumba. Wakati huo matumizi ya juu kabisa ya umeme nchi nzima hayajafika megawati 2,000, na makaa yenyewe mwanzo yaagizwe Afrika Kusini, yaje na meli, yashushwe ghubani. Majivu yarundikwe karibu na pwani. Maji ya bahari yavutwe kupoza mitambo yarudishwe yana joto. Mvuvi hahitaji kuelezwa mara mbili maji ya moto yanafanya nini kwenye kijito cha vitoto vya samaki.

NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ikatoa leseni Septemba 2016. Na hapa ndo mlango ulipo. Sheria ya mazingira inasema ukipinga leseni ya NEMA unaenda kwenye jopo la kitaifa la mazingira, NET, na una siku 60. Na kwa sheria ilivyokuwa wakati ule, rufaa ikishaingia kwenye jopo, hali inabaki ilivyo mpaka iamuliwe. Hakuna kuomba amri, hakuna kubembeleza jaji, faili ikigongwa muhuri mradi umesimama. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wakazi, na wenzao wakaingia ndani ya hizo siku 60. Kuanzia hapo mpaka uamuzi ikapita zaidi ya miaka miwili na nusu, na Kwasasi ikabaki kichaka na mashamba. Linganisha na ile miaka sita ya bandari. Kuchelewa kwa mahakama ni kule kule, urasimu ni ule ule, ila huku kuchelewa kulikuwa upande wa nyasi bahari na kule kulikuwa upande wa meli ya kuzoa mchanga. Wallahi nilipoligundua hili nilikaa kimya dakika nzima.

Uamuzi ulitoka 26 Juni 2019, jopo likiongozwa na Mohammed Balala, leseni ikafutwa. Walichokiona ndicho watu walichokuwa wakikisema barazani miaka yote. Mitingi zilifanywa, ndiyo, picha zipo na orodha za waliohudhuria zipo. Lakini zilifanywa kabla ya utafiti. Yaani walikuja kujitambulisha, hujambo sijambo, tunaleta mtambo, kutakuwa na kazi, soda hizi hapa. Utafiti wenyewe ulipoisha, ukawa sasa una takwimu za moshi, za majivu, za maji ya moto, hapo ndo watu walitakiwa waitwe waambiwe tumekuta moja mbili tatu, mnasemaje. Hawakuitwa inavyotakiwa. Ripoti nene, ya Kiingereza, kurasa na kurasa, ungeisomea wapi ukiwa Siyu au Faza, kule kisiwani Pate? Jopo likasema hayo si kushirikisha watu. Likagusia pia kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa, na kampuni ikitaka kuendelea basi ianze tathmini upya.

Nyongeza ambayo watu wa kampeni hawapendi kuitaja, lakini ni ukweli: mahakama peke yake pengine isingetosha. Kampuni ilikata rufaa, na kama pesa zingekuwepo zingesubiri. Kilichotokea ni kwamba pesa zilitawanyika wakati wa kusubiri. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa Novemba 2019, na benki kubwa ya Kichina, ICBC, ikajitoa Novemba 2020. Dunia ilikuwa inahama kwenye makaa ya mawe, na kila mwaka uliopita mradi ulizidi kuonekana mzee. Kwa hivo ile kusimama ya lazima iliwanunulia watu wa Lamu muda, na muda ndo uliofanya kazi nusu. Bandari haikuwa hivo, bandari serikali ilikuwa inaitaka kwa moyo wote na pesa zake zilikuwa mezani.

Kuna watakaosema nalinganisha vitu visivyolingana. Bandari ni mradi wa serikali, makaa ya kampuni, na 2012 leseni ya kupingwa mbele ya jopo haikuwa mezani kama ilivyokuwa 2016, watu walikwenda mahakamani mapema kabisa kwa sababu walikuwa wameona zulia jekundu likitandikwa. Nakubali. Siwalaumu hata kidogo, na ile hukumu yao ya 2018 imewafungulia njia wavuvi wengine wanaotaka kudai. Ninachosema ni kwamba katika kesi za bahari swali la kwanza la kumuuliza wakili si "tuna haki?" Haki mnayo. Swali ni "kazi itasimama tukishtaki, au itaendelea?" Akikwambia itaendelea, basi nguvu yote ya mwanzo ipelekwe kwenye kuisimamisha, hata kabla ya mambo ya fidia. Tope likishapanda halirudi kwa risiti.

Na jengine, ushahidi. Wavuvi walikuwa wakisema samaki wamepungua, wataalamu wa upande wa pili wanauliza wamepungua kutoka ngapi. Nani alikuwa ameandika? Hakuna. Mjomba ana miaka arubaini ya kumbukumbu kichwani lakini kichwa hakipigwi muhuri. Siku hizi kuna vikundi vya wavuvi wa ufukweni, BMU, na vijana wana simu, kuandika kila siku umevua nini, wapi, kilo ngapi, maji yalikuwa rangi gani, ni kazi ya dakika tano. Nimejaribu kumshawishi binamu yangu mmoja afanye, akafanya wiki mbili akaacha, alisema anajiona kama karani. Basi.

Halafu kuna hili la kupanda mikoko, manake kila kiongozi akija sasa anapigwa picha na mche. Kupanda ni kuzuri, kuna akina mama wanaojua wanachofanya, wanachagua pahala palipokuwa na mikoko zamani, wanaangalia maji yanafika wapi, wanajua mlilana unakaa mbele kwenye maji na mkandaa unakaa nyuma. Lakini nimeona pia miche ya mkoko imechomekwa kwenye uwanda wa wazi, mistari imenyooka kama mahindi, na pahala penyewe palikuwa na nyasi bahari, sababu tu ni rahisi kufika na viatu. Baada ya kusi moja hamna kitu, vijiti vichache na chupa za plastiki. Yaani umeharibu makao moja kwa jina la kupanda jengine. Kitu cha ajabu, mkoko wenyewe hauhitaji sana msaada wetu, mche wake unaanguka umeshaota, mrefu kama kalamu ndefu, unaelea mpaka upate tope linaloufaa. Ukiacha mti mama na ukaacha maji yapite, utajipanda.

Wapo Lamu walioitaka bandari, na wapo wanaoitaka mpaka leo, si haki kuwaficha. Vijana waliotegemea ajira, wenye magari, wenye viwanja Hindi na Mokowe, upande wa bara wa Lamu, bei ilipopanda. Hata makaa ya mawe yalikuwa na watetezi wake mtaani na baadhi si waliohongwa, walikuwa watu wasiokuwa na kazi tu, wamechoka, mji una umeme wa kukatika katika na kwa miaka kadhaa hata kuvua usiku kulikatazwa kwa sababu ya usalama. Ukimwambia mtu kama huyo habari ya nguva anakuangalia. Ndani ya familia yetu watu waliacha kusalimiana kwa muda kwa sababu ya haya mambo, sitaki kuyaingia.

Mwezi wa saba nilikuwa nyumbani, kusi limekaza, nikamfuata mjomba alfajiri. Haendi tena kule kwenye dema za ghuba, anaingia Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara wenye mikoko pande zote mbili, maji yakijaa ndo unapitika vizuri. Anatumia mshipi. Tulipofika kwenye pembe anayoipenda tukakuta watu. Nikahesabu mitumbwi kumi na moja, na wote wanamjua, wote wanamwamkia, "Shikamoo mzee," na yeye anaitikia marahaba huku anatafuta pa kutia nanga asimkere mtu. Nikamuuliza zamani mlikuwa wangapi hapa msimu kama huu. Akanionesha vidole vitatu, kisha akashusha mshipi.